Mtembeza Wageni Aliyenyimwa Asubuhi

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Maeng Gil-jun halifichi hilo. Ukimkuta amesimama karibu na ngazi za treni ya chini ya ardhi, na kofia yake ya kijani iliyopauka, atakuambia kabla hujamuuliza, kama abiria anayelipa nauli mapema ili asisumbuliwe njiani.

“Wapo wanaofanya ujinga kwa kutojua,” anasema. “Mimi nilijua. Nilijua kwa miaka ishirini na miwili. Wangu ni ujinga wenye cheti.”

Ni saa mbili na robo asubuhi, Alhamisi ya mwezi wa sita. Maeng, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, hana kazi mpaka saa saba mchana, lakini amekuja. Amesimama kwenye mdomo wa kichochoro cha soko cha Changsin, katikati ya jiji la Seoul, nyuma ya mstari wa vigae vyekundu. Tangu mwezi wa nne haruhusiwi kuuvuka mstari huo na wageni kabla ya adhuhuri. Leo hana mgeni hata mmoja. Hauvuki vilevile.

Ndani ya kichochoro, meza kumi na nne zinafunuliwa. Dilmurod, mwoka mikate kutoka Samarkandi, ameinamia tanuri lake mpaka kiunoni kama mtu anayetafuta kitu kisimani. Sabitri Lamichhane, mama wa Kinepali mwenye sauti ya kufikia mtaa wa pili, anawasha ubani kabla ya kuwasha jiko. Mwisho kabisa, Bibi Tak Bun-rye, muuza tofu, ile jibini laini ya soya, anakunja kitambaa cheupe kutoka kwenye sinia lake taratibu, kama anayemwamsha mtoto.

Juu ya vichwa vyao, kutoka kila dirisha, cherehani zimeshaanza kunguruma. Pikipiki zenye marobota ya vitambaa zinapanda mlima zikilia.

“Bosi,” Dilmurod anaita kutoka ndani. “Unaulinda mlango au unauuza?”

“Nauuza. Mnunuzi ndiye hajapatikana.”

“Punguza bei.”

“Nikipunguza zaidi nitakuwa nakulipa wewe uuchukue.”

Katika soko hili kila mtu ni bosi, hata mwenye meza ya vitunguu viwili. Maeng ni bosi asiye na meza. Jina limebaki tu, kama msumari ukutani baada ya picha kuanguka.

Kazi yake ni kutembeza wageni. Wanatoka kila pembe ya dunia, na wengine wanatoka mtaa wa ng'ambo ya mto ambao hawajawahi kuuvuka. Anawapitisha kwenye kichochoro hiki, kisha anawapandisha kwenye karakana za ushonaji, na kuwashusha kwa upande wa Wamongolia wanakouza buti na nyama ya kondoo. Kila mgeni hulipa won elfu thelathini kwa saa mbili na nusu za kupanda, kushuka, kuonja, na kuuliza maswali ambayo wenyeji hawajawahi kujiuliza.

Kabla ya hapo, Maeng aliuza zipu. Duka lilikuwa na upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, hatua chache kutoka lango kuu la masoko ya nguo. Alikuwa na zipu za rangi mia moja na tisini, na anadai aliweza kuzitofautisha gizani kwa kuzipapasa.

Duka halikufa kwa siku moja. Viwanda vilihama kimoja kimoja kwenda Vietnam, na zipu zikafuata viwanda. Miaka michache baadaye mafundi wa Kivietnam wakaja kushona Changsin.

“Zipu zangu zilikwenda kwao, wao wakaja kwangu,” Maeng anasema. “Tulipishana angani. Hatukupungiana hata mkono.”

Alifunga duka akiwa na miaka hamsini na mitatu. Akabeba saruji, akasafisha ngazi za majengo, akalala hospitalini wiki tatu kwa sababu ya mgongo. Siku moja kijana wa hoteli akamwomba amwelekeze mgeni aliyepotea. Maeng hakumwelekeza, alimsindikiza, akazungumza njia nzima kwa Kiingereza alichookota kwa wanunuzi wa zipu. Yule mgeni akampa elfu ishirini. Ndivyo kazi ilivyoanza, miaka sita iliyopita.

Kwa kawaida alikuwa akiingia sokoni na wageni saa tano asubuhi. Kufikia saa hiyo kila meza imeshauza, mkate bado ni wa moto, na wauzaji wamechangamka. Siku ile ya mwezi wa nne alipata kundi kubwa kuliko yote aliyowahi kupata: wauguzi wastaafu kumi na tisa, wanasafiri pamoja, na treni yao ya kwenda Busan inaondoka saa sita. Wakaomba waingie saa mbili na nusu.

“Kumi na tisa mara elfu thelathini,” Maeng anasema. “Nilipiga hesabu hiyo haraka sana. Hesabu ya saa sikuipiga.”

Msomaji aliyewahi kuuza hata karanga za kupima kwa kikombe anajua kinachokuja. Mteja wa kwanza si mteja. Ni mlango. Akinunua, hata kitu kidogo, siku imefunguka. Akishika, akanusa, akauliza bei, kisha akaondoka mikono mitupu, ameifunga siku na kuondoka na ufunguo.

Katika kichochoro hiki hakuna anayebisha juu ya jambo hilo, na hapa hubishana hata juu ya upande wa kuanzia kukata tikiti. Bibi Tak huitemea mate kidogo noti yake ya kwanza na kuibandika kwenye paji la uso. Sabitri huigusisha kichwani na kuiweka chini ya picha ya mungu wake wa kike. Dilmurod huipitisha juu ya mikate yote kama anayepangusa vumbi. Walifika hapa kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja na dini yake na kachumbari yake, wakakuta kwamba asubuhi yao ni moja.

Na Maeng, aliyewahi kuuza zipu chini ya bei aliyonunulia ili tu mteja wa kwanza asitoke bure, aliwaingiza watu kumi na tisa walioshiba chai ya hoteli kwenye meza kumi na nne ambazo hazijauza kitu.

Zaidi ya hapo, alifungua mdomo. “Angalieni tu, msiwe na wasiwasi,” aliwaambia wageni kwa Kiingereza. “Hapa hakuna anayelazimishwa kununua.” Kisha akarudia maneno hayohayo kwa Kikorea, kwa sauti, ili wauzaji wasikie jinsi alivyo muungwana.

Wageni wakaangalia. Waliangalia vizuri sana. Walipiga picha mikate, wakanusa bizari, wakabonyeza tofu kwa kidole kujua ugumu wake. Wakashukuru kwa tabasamu na kusonga mbele. Meza ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Kwenye meza ya Bibi Tak chumvi ikaanza kuruka. Ndiyo dawa ya nuksi hapa: mtu akiondoka, unamfuatisha kiganja cha chumvi mgongoni. Wauguzi wakadhani ni baraka ya mtaa. Mama mmoja mwenye kofia ya majani akarudi, akakinga viganja vyote viwili na kuinama kwa adabu. Bibi Tak, aliyekuwa na hasira ya kutosha watu kumi, akakosa la kufanya. Akamtilia kidogo.

“Mimi nilikuwa mbele, naeleza historia ya mfereji wa zamani wa jiji,” Maeng anakumbuka. “Chumvi iliponiingia kwenye kola nikadhani ni mvua. Nikatazama juu. Jua kali. Hapo ndipo nikajua.”

Alipoulizwa ilikuwaje mfanyabiashara wa miaka ishirini na miwili asahau jambo kama hilo, alifikicha vidole vyake kama anayepapasa zipu.

“Asiye na duka hana asubuhi,” alisema. “Ana saa tu.”

Jioni ile wauzaji walikubaliana kwamba wageni wa Maeng wasiingie kabla ya adhuhuri. Uamuzi ulikuwa wa miezi miwili, kisha utazamwe upya. Bibi Tak, mwenyekiti wao kwa kuwa ndiye mkubwa wa wote na pia kwa kuwa hakuna aliyethubutu kugombea naye, ndiye aliyeutangaza.

Wiki iliyofuata Maeng alikuja na dawa yake. Saa mbili na robo asubuhi, peke yake, akiwa na noti za elfu moja moja mpya kutoka benki. Alikusudia kuwa mteja wa kwanza wa kila meza. Akinunua yeye kwanza, kila meza imefunguka, na wageni wakija baadaye kuangalia tu hakuna atakayedhurika. Gharama ingekuwa yake.

Sabitri aliipokea noti, akaigusisha kichwani, akampa momo mbili, vimaandazi vya nyama vya kwao, zilizokuwa hazijaiva vizuri. “Kula hivyohivyo, kaka,” alimwambia. “Adhabu yako ya kwanza.” Dilmurod alipangusia mikate yake. Muuza mwani akapokea.

Kisha akafika kwa Bibi Tak.

“Bibi, naomba kipande kimoja. Mimi ndiye wa kwanza leo.”

“Naona. Ndiyo maana sikupi.”

“Pesa yangu ina kasoro?”

“Pesa yako haina neno. Mkono ndio wenye neno. Mkono uliofunga duka lake mwenyewe utafunguaje la mwenzake?”

Maneno hayo yalisafiri kichochoroni haraka kuliko pikipiki. Kufikia mchana, muuza mwani alikuwa amemrudishia Maeng elfu moja yake, akisingizia kwamba noti ilikuwa mpya mno. Meza nane zikakataa mkono wake. Dawa ikageuka ugonjwa wa pili.

Bibi Tak ana miaka sabini na sita na hataki kuonekana mkatili. Anazungumza huku anakata tofu kwa kisu kipana, bila kuangalia kisu.

“Wanasema namwonea,” anasema. “Mimi naamka saa nane usiku kusaga soya. Siku ile nilikuwa na vipande arobaini na vitatu, nikauza tisa. Vilivyobaki nikawapa nguruwe wa mtu. Yeye anafikiri sote tunauza zipu. Zipu itangoja mwaka mzima ndani ya boksi. Tofu haingoji jioni.”

Je, siku ile hakukuwa na sababu nyingine ya biashara kudorora?

“Ilikuwepo,” anajibu. “Ilivaa kofia ya kijani.”

Hasara ya Maeng ni rahisi kueleza. Zamani alikuwa na makundi mawili kwa siku, la asubuhi na la alasiri. Sasa ana la mchana peke yake. Kwa mwezi alikuwa akipata won milioni mbili na laki sita. Sasa haifiki milioni moja na laki mbili. Yeye na mkewe, Kwak Yeon-sim, anayeshona kola katika mojawapo ya karakana za mlimani, wanaishi kwenye chumba kilichozama nusu ardhini. Kodi yake pekee ni laki tano na nusu.

Shemeji yake amempatia kazi ya ulinzi wa maegesho ya magari katika mji wa pembeni, safari ya saa moja na nusu kwa treni. Anatakiwa kujibu Jumatatu. Kikao cha wauzaji ni Jumamosi.

“Kazi ya ulinzi si mbaya,” anasema. “Unakaa kwenye kibanda, gari linakuja, unainua mti. Gari linatoka, unainua mti. Magari hayaulizi chochote. Ndiyo kasoro yake.”

Saa saba mchana wageni wa siku wanafika, watano. Yupo dada mmoja kutoka Lima na rafiki zake wawili, na wapo mume na mke kutoka mji wa Daegu. Mume, Mzee Seonu, ni mwalimu mstaafu, na ana daftari.

Maeng anavuka vigae vyekundu. Anatembea kinyumenyume mbele yao, kama afanyavyo siku zote, bila kugonga ndoo hata moja.

“Hapa ndipo penye mkate wa tanuri niliowaandikia,” anasema.

“Uko wapi?” anauliza Mzee Seonu.

“Umekwisha saa tano.”

“Na momo?”

“Mama amekwenda kumchukua mtoto shuleni. Atarudi saa tisa.”

“Na tofu?”

Wote wanageuka kumtazama Bibi Tak. Amelala kitako, kidevu kifuani, kitambaa cheupe juu ya vipande vichache vilivyobaki.

“Tofu imelala,” anasema Maeng.

Mzee Seonu anaandika kitu. “Sasa bwana, wewe unatuonyesha nini hasa?”

“Nawaonyesha mahali mambo yalipokuwa.”

“Hiyo ni kazi ya makumbusho. Na kule kuna viyoyozi.”

Mkewe anamfinya mkono, lakini dada wa Lima, aliyetafsiriwa na rafiki yake, anacheka mpaka Bibi Tak anafumbua jicho moja. Analifumba tena.

Maeng hajitetei. Anawapandisha mlimani kwa njia ya ngazi, na huko mambo yanakuwa mazuri zaidi, kwa sababu cherehani hazilali mchana. Anawasimamisha chini ya dirisha na kuwaambia wafumbe macho, wasikilize: hii nzito inashona jinzi, ile ya haraka ni kola, ile inayosita ni fundi mgeni ambaye bado anaogopa kitambaa. Mzee Seonu anafumba macho. Anakaa hivyo dakika nzima, daftari limeshikwa kifuani.

“Huyo anayesita,” anasema hatimaye, “ameacha kusita.”

“Ndiyo. Mwezi uliopita ungemwonea huruma.”

Wanaposhuka, Mzee Seonu anataka kujua kwa nini mtu mwenye masikio kama hayo anawaleta watu sokoni saa za usingizi. Maeng anamweleza yote: wauguzi, chumvi, mkono. Mwalimu anasikiliza mpaka mwisho.

“Bibi amekosea,” anasema.

“Bibi hajakosea. Ningekuwa na meza, ningejitupia chumvi mwenyewe.”

“Basi unataka nini Jumamosi?”

Maeng ana jibu tayari. Anataka arudishiwe saa tano, si mapema zaidi. Atakuwa anaulizia meza moja moja kama imeshauza, na isiyouza ataipita mbali, na wageni watatazama upande wa pili wa njia. Kila mgeni atapewa kikapu kidogo mlangoni na kuambiwa asitoke nacho kitupu, na ada itaelezwa hivyo tangu mwanzo. Na akikubaliwa, mwakani anataka kuanzisha matembezi ya alfajiri ya watu wawili tu, si ya kuangalia, bali ya kununua: mgeni awe ndiye mteja wa kwanza, ajue uzito wake.

“Watu wanakaa kwenye ndege saa kumi na mbili nzima kuja kupiga picha mlango,” anasema. “Nataka mmoja wao aufungue.”

Jumamosi, saa tisa alasiri, wauzaji wanakutana ndani ya duka la Dilmurod. Wamekuja kumi na mmoja kati ya kumi na wanne. Viti havitoshi, wengi wamekalia magunia ya unga, na wakisimama wanaacha alama nyeupe. Chai inapitishwa kwenye mabakuli madogo. Maeng amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, kofia mkononi.

Dilmurod anaanza. Anasema mkate wake wa saa tano ulikuwa unakwisha kwa sababu ya wageni wa Maeng, na sasa unakwisha kwa sababu ameupunguza. Muuza mwani anasema wageni wananunua mwani kama zawadi kwa kuwa ni mwepesi. Mwenye meza ya vitunguu anasema hakuna mgeni anayesafirisha vitunguu, kwa hiyo kwake ni mamoja.

“Wewe kila kitu kwako ni mamoja,” Sabitri anamwambia. “Hata mkeo alipokuacha ulisema ni mamoja.”

“Alirudi.”

“Alisahau sufuria.”

Bibi Tak anagonga bakuli lake mezani mara moja, na kicheko kinakatika. Hakuna atakayeinua mkono kabla yake. Haijaandikwa popote, lakini ndivyo ilivyo.

“Habari ya saa tano naikubali,” anasema. “Habari ya vikapu naikubali. Huyu si mtu mbaya. Mgongo wake ulipokuwa mbovu ni mimi niliyempelekea uji. Lakini mtu akizunguka mezani kwangu kila asubuhi akiuliza nimeuza au sijauza, ni yeye anayekuwa wa kwanza kunisemesha. Na mkono wake ni mzito. Mimi kwenye meza ile sijawahi kutupa tofu isipokuwa siku aliyokuja yeye.”

“Bibi, duka lake liliuawa na viwanda,” anasema Dilmurod. “Si mkono.”

“Maduka mangapi ya zipu yalikuwa kwenye ule mstari?”

“Sita,” Maeng anajibu kutoka mlangoni.

“Yaliyobaki?”

“Mawili.”

“Viwanda vilihama kwa wote sita. Mawili yapo. Basi msiniambie viwanda.”

Maeng anaitazama kofia yake, anaigeuza upande wa pili, kana kwamba jibu lilishonewa ndani.

Wakati huo mlango unasukumwa nyuma yake na mkewe anaingia. Kwak Yeon-sim ni mwanamke mfupi wa miaka hamsini na tisa, nyuzi za buluu zimemganda mpaka kwenye nywele. Ametoka karakana moja kwa moja. Zamu ya Jumamosi huisha saa tisa. Hakualikwa, wala hakuna wa kumfukuza. Sabitri anasogea kwenye gunia, anampisha.

“Kaa, mama mdogo. Tunamzika mumeo.”

“Endeleeni,” anasema Mama Kwak. “Nimechoka, nitalia baadaye.”

Anapewa chai. Anakunywa. Dilmurod anarudia hoja ya mwisho ili aisikie: kwamba kila kitu kimekubaliwa isipokuwa mkono. Kwamba mkono uliofunga duka haupaswi kukaribia meza ya mtu asubuhi. Mama Kwak anasikiliza bila kubadilika uso, huku anachomoa uzi mmoja kwenye mkono wa blauzi yake, taratibu, mpaka unatoka wote.

Bibi Tak anaona anatazamwa, naye si mtu wa kutazamwa bila kusema.

“Simsemi vibaya mumeo,” anamwambia. “Nasema heri ina nyumba zake na nuksi ina nyumba zake, na hilo si kosa la mtu. Lakini sitaki mseme mzee ana kichwa kigumu. Nitajieni mtu mmoja wa nyumba ile ambaye mkono wake umewahi kumfungulia mwenzake biashara na ikaenda. Mmoja tu. Mkinitajia, mkono wa kwanza kuinuka humu ndani utakuwa wangu.”

Watu wanatazamana. Mama Kwak anaweka bakuli chini.

“Leseni ya lile duka la zipu ilikuwa na jina langu, Bibi, huyu alikuwa anabeba maboksi,” anasema. “Na ukiacha siku ile moja ya wauguzi, niliyokwenda kupimwa macho, miaka minane hii, tofu yako ya kwanza kila asubuhi umekuwa ukimuuzia nani?”